Nilivyozikwa Kwenye Picha ya Sinema

Kaka yangu Hamisi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wewe na watoto, na mguu wa Mama umepungua uvimbe. Sisi hapa Temeke tu wazima, mimi hasa. Nalisema hilo mapema kwa sababu uvumi hauchelewi kufika Lindi, na mtu akikuletea tanzia yangu, mrudishe alikotoka.

Kisa chenyewe ni picha ya sinema. Baada ya mavuno ya mpunga alikuja Mzungu mmoja wa picha kibarazani kwangu kushonesha kanzu za mashetani. Akanitazama juu mpaka chini, mkalimani wake akaniambia, "Bwana anasema wewe mwembamba, unafaa kuwa maiti." Nikacheka, nikakubali.

Picha hiyo ina visa vitatu vya kutisha na kuchekesha. Cha kwanza, shetani anapanga chumba, anashindwa na kunguni. Cha pili, kichwa kisicho na kiwiliwili kinatafuta kinyozi. Cha tatu ndicho changu: nimekufa, nimevishwa sanda, nashushwa kaburini (lilikuwa shimo la choo kipya, halijatumiwa), kisha nasikia harufu ya pilau ya matanga, natoka na sanda yangu kuomba sahani.

Majuzi gari la sinema likaja kiwanjani kwetu. Shetani hakumtisha mtu. "Shetani gani huyo anavaa makubadhi ya mpira wa gari?" watu wakapiga kelele. Kichwa nacho wakauona uzi wake. Nikajisemea, kwangu watavunjika mbavu. Lakini aliyenisomea talakini pale kaburini alikuwa mwalimu wa kweli, wa chuo kimoja cha Kurani huko Kinondoni, naye hajui mchezo. Aliisoma yote, neno kwa neno, kama anavyosomewa maiti wa kweli. Kiwanja kizima kikainua mikono kuitikia dua. Nilipotoka shimoni, walikimbia hata wazee. Aliyebaki akicheka ni mimi peke yangu, na hilo nalo wamelishika.

Tangu hapo mambo yameharibika. Bi Tabu, jirani wa ukuta mmoja, anasema makusudi nimsikie: "Mie nimemwona akifukiwa kwa macho yangu. Anayelala mle ndani simjui." Eti mimi msukule, na mke wangu ndiye aliyenichukua kwa uchawi anitumikishe. Wanaulizana kwa nini nanunua pumba, kwani msukule chakula chake ni pumba. Kaka, nina kuku! Bi Tabu mwenyewe anakula mayai yao. Ana mpwa wake wa kike hajaposwa bado, nami sisemi zaidi, ila naona.

Maana linaloniuma ni Zuhura binti yangu. Posa tulikwisha ipokea, ndoa ilikuwa iwe baada ya Idi. Sasa baba wa kijana, Mzee Selemani wa Magomeni, amekuja kwangu na ndugu zake. Hakugusa kahawa.

"Fundi, sie hatuna neno na wewe," akasema. "Lakini mtu aliyesomewa talakini anaozeshaje? Ndoa itasimama hiyo?"

Nikampeleka kwa shehe. Shehe akasema mzima ni mzima, na picha ni picha. Mzee Selemani akaitikia vizuri sana, kisha njia nzima akawa anakiangalia kivuli changu.

Wanataka nikupe uwakili wewe umwozeshe, mimi nikae pembeni. Nilikataa. Binti ni wangu, nimemlea kwa cherehani hii, halafu nikae na wageni waalikwa? Niliwaambia bora ivunjike.

Nisalimie Mama, ila habari za picha usimwambie. Msalimie shangazi yetu, na shemeji mkeo, na mzee aliyenifundisha kushona kama bado anaona vizuri.

Nilitaka kuifunga barua hapa, lakini sijakwambia la jana. Zuhura aliniletea uji. Nikamuuliza, "Mwanangu, we unanionaje? Mimi mzima?"

"Mzima, baba."

Akawa anaukoroga ule uji, nao ulikuwa umekwisha kupoa. Kisha akasema, "Lakini aje Baba Mkubwa."

Basi njoo, kaka.

Mdogo wako,
Athumani, fundi cherehani