Mwalimu Antonia na Darasa la Mwaka Sabini na Nne

Mwaka umezunguka, Mama, tangu tulipokulaza kwenye shamba lako la Qurus, hapa Karatu, kando ya miti ya grevilea uliyoipanda kwa mikono yako. Mahindi yaliyokuwa mabichi siku ile yalishavunwa, mengine yamepandwa, na sisi bado tunajisahau. Tukifika nyumbani tunakuita mama kwa lugha ya kwetu, "Ayo, tumefika," halafu ndipo tunakumbuka.

Siku ya mazishi yako, aliyesoma somo la kwanza alikuwa mama mmoja wa Kimaasai, mtu mzima wa rika lako, amevaa shuka na shanga zake, amefika na wanawe kutoka Ngorongoro. Alisoma polepole, kidole chini ya mstari, hakukosea hata neno. Watu waliulizana palepale huyu ni nani, na kwa nini asisome mtoto wa marehemu. Hatukuwajibu, maana tulikuwa na kilio. Tunawajibu leo, tena mbele yako, ili utusahihishe kama ulivyozoea.

Wengi walikujua kama Mwalimu Antonia wa darasa la kwanza, uliyestaafu na bado watoto wa jirani wakaendelea kuletwa sebuleni kwako kushika herufi. Walikujua kwa uji wako wa ulezi, ambao mgeni hakuukwepa hata awe na haraka gani. Walikujua kwa ile peni nyekundu uliyosahihishia mpaka kadi za harusi kabla hujatoa mchango. Na walijua kwamba taarifa ya habari ikianza, kwako hakuna anayeongea.

Sisi wanao tunajua hayo yote yalianzia wapi. Yalianza mwaka 1974. Wenzetu walisimuliwa hadithi za sungura na fisi. Sisi tulisimuliwa mwaka huo, tukaujua kama tunavyojua majina ya babu zetu.

Ulikuwa na miaka kumi na tisa, umemaliza darasa la saba, binti wa Mzee Wilibrodi. Karatu wakati ule ilikuwa bado chini ya Wilaya ya Mbulu. Watu walikuwa wanahamishiwa vijijini, wamebomoa nyumba zao kwenye vilima na kujenga upya wasipopachagua. Mvua zilikuwa zimekataa. Katikati ya hayo yote viongozi wa kijiji wakakuomba ufundishe kisomo cha watu wazima, jioni baada ya shamba, kwenye jengo la kigango, kanisa dogo la kijiji. Ulitusimulia kwamba siku ya kwanza walikuja wanawake wachache waliochoka, na Mzee Josephati, jirani yenu, aliyesema wazi kwamba amefuata kivuli tu.

Kisha ikaja Februari. Redio ya babu Wilibrodi ikatangaza kwamba kule New Zealand, kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, kijana wa Karatu, Filbert Bayi, amekimbia mita elfu moja na mia tano na kuvunja rekodi ya dunia. Kesho yake hukufungua kitabu cha kisomo. Ulichukua chaki ukaandika jina lake kubwa ubao mzima. Ulitwambia Mzee Josephati aliinuka, akaenda mpaka ubaoni, akauliza kama kweli hilo ndilo jina la kijana wetu, na kama huko Ulaya nako wanaliandika hivyo hivyo. Ukamjibu ndiyo, hivyo hivyo. Akaomba chaki.

Kabla ya wiki kwisha darasa lilijaa. Watu wa Qurus hawakuanza kusoma kwa neno "baba" wala "jembe". Walianza kwa "Bayi".

Tangu hapo ukajua njia yako. Kila siku ulisikiliza redio, na jioni ukaleta neno moja kutoka duniani. Aprili ulileta "Ureno": askari wa huko wameiangusha serikali yao wenyewe, na huenda vita ya Msumbiji ikaisha. Wanawake waliokuwa na vijana jeshini, kule mpakani kusini, walilinakili neno lile kwa uangalifu kuliko maneno yote. Juni ulileta "Zaire", timu ya Waafrika kwenye Kombe la Dunia. Walifungwa vibaya, na darasa zima likahuzunika kana kwamba wametoka kijiji jirani cha Endabash. Agosti rais wa Marekani akajiuzulu, na mzee mmoja akasema hajawahi kusikia mtu anashuka kwenye kiti kile akiwa hai.

Mwaka huohuo watu waliokuwa wakiishi chini, ndani ya kreta ya Ngorongoro, walihamishwa nao wakapanda juu. Nashilu alikuwa mmoja wao. Babu alikuwa na urafiki na baba yake, urafiki wa kupeana nafaka na maziwa tangu zamani. Ng'ombe wao walipoanza kufa kwa ukame, mumewe Meitamei akabaki na wale waliosalia, na Nashilu akateremka Qurus na mtoto mchanga mgongoni, akapokelewa kwenu. Mlikula sahani moja, mahindi ya njano ya msaada ambayo hakuna aliyeyapenda. Siku ya tatu akakufuata darasani, akaketi mwisho kabisa.

Darasa halikufurahi. Watu wetu na watu wake walikuwa wakiibiana ng'ombe na kulipizana tangu enzi za mababu, na kila mmoja mle ndani alikuwa na kisa chake. Mzee Josephati ndiye aliyelalamika kuliko wote. Wewe ulisikiliza, ukasema darasa ni la anayetaka kusoma, ukaendelea na somo.

Septemba ikaja ile siku. Jioni hiyo neno lako lilikuwa "Ethiopia", maana mfalme wa huko alikuwa amepinduliwa. Mlikuwa katikati ya somo mliposikia kelele nje. Ng'ombe wa kijana mmoja, Valeriani, walikuwa wamepotea tangu alfajiri, na vijana wenzake walikuwa wamekwisha amua nani kawachukua. Walikuja na fimbo, na wengine na mapanga. Walimtaka Nashilu atoke aseme ndugu zake wamewapeleka wapi.

Ukaenda ukasimama mlangoni na chaki mkononi, ukamwambia Valeriani kwa jina lake:

"Huyu ni mwanafunzi wangu. Leo yuko hapa, jana alikuwa hapa. Ng'ombe wako wana kiu kama sisi. Nendeni kwanza kule kwenye maji. Msipowaona, rudini, mtanikuta hapahapa mlangoni."

Mmoja akasema binti ambaye hajaolewa hawezi kuwaamuru wanaume. Nyuma yako ukasikia kitu kinaburutwa sakafuni, ukadhani ni Nashilu anajificha. Kumbe ni Mzee Josephati anavuta benchi lake. Akalileta mpaka mlangoni, akalikalia, akaweka mkongojo magotini. Wanawake nao wakasogea mmoja mmoja, wakasimama nyuma yenu.

Valeriani alilitazama lile benchi. Halafu akageuka, na wenzake wakamfuata.

Waliwakuta ng'ombe kwenye korongo, upande wa msituni, walikokuwa wamefuata harufu ya maji. Mtamba mmoja alikuwa ameanguka akafa. Wengine walikuwa wazima. Hakuna Mmaasai aliyewagusa.

Kesho yake jioni Valeriani alikuja kigangoni peke yake, akasimama mlangoni kama mtu aliyesahau alichofuata. Hukumsaidia. Alisema baadaye kwamba ulimwangalia kama unavyomwangalia mtoto aliyechelewa shule. Aliyemsaidia ni Nashilu: alimhamishia mtoto paja la pili, akapisha nafasi kwenye benchi. Valeriani akaketi. Hakujua hata herufi moja. Nashilu, aliyekwisha zijua nyingi, akaweka kidole kwenye ubao wake mdogo, akamwonyesha "a".

Huyo Valeriani ndiye baba yetu.

Baba hajawahi kulificha jambo hili. Kila mgeni aliyekaa nyumbani kwetu alilisikia kutoka kinywani mwake, na kila mara alimaliza kwa kusema, "Nilikwenda na fimbo, nikarudi na chaki." Wewe ulikuwa unamwambia anazidisha.

Uliwahi kumkataa, hilo nalo alitusimulia. Oktoba mwishoni neno la darasa lilikuwa "Kinshasa", na ulieleza jinsi Muhammad Ali alivyoegemea kamba akakubali kupigwa mpaka mwenzake akachoka, ndipo akamwangusha. Darasa lilipotoka Baba akabaki nyuma, akakuambia kwa adabu, "Mwalimu, na mimi nitakaa kwenye kamba mpaka uchoke kukataa." Ulichoka mwaka wa pili. Mlifungia ndoa kwenye kigango kilekile, na Mzee Josephati, aliyefuata kivuli, akasoma mwenyewe salamu za majirani kwenye karatasi aliyoiandika.

Mwaka ule haukwisha bila neno lako wewe: "Musoma". Novemba, kule Musoma, ikaamuliwa kwamba kila mtoto wa nchi hii aende shule. Walimu hawakutosha, wakaitwa vijana kama wewe wafundishwe kazi wakiwa kazini. Ukawa mwalimu kamili. Ulifundisha Qurus, ukafundisha Endabash, ukarudi Qurus. Kuna madaktari, waongoza watalii, askari wa hifadhi, mapadre na mama zao ambao kwa herufi ya kwanza walishikwa mkono na wewe. Tunalisema hili kwa kujivuna, na utuwie radhi, maana wewe hukupenda majivuno.

Nashilu alirudi kwao mvua ziliponyesha. Aliwafundisha wanawe kusoma kabla hawajaenda shule, kwa mkaa, juu ya ngozi kavu. Yule mtoto wa mgongoni, Moloimet, ndiye aliyekuja Karatu kila mara kukuletea maziwa, akakuita Yeyo kama anavyomwita mama yake. Ulipolazwa mara ya mwisho, Nashilu alikaa kitandani kwako akakusomea Zaburi. Ulimsahihisha mara moja, akacheka. Ndipo ukamwambia kwamba siku yako ikifika asome yeye. Hilo ndilo jibu letu kwa waliouliza.

Miezi yako ya mwisho macho yalipopungua nguvu, mjukuu wako Goodness alikusomea habari kwenye simu kila asubuhi. Siku moja, kwa ajili ya somo lake la historia, alikuuliza kama ni kweli dunia ilibadilika mwaka 1974, au ni wewe tu unayeupenda mwaka huo kwa sababu ya Babu Valeriani. Ulifikiri kidogo, ukamjibu:

"Dunia hubadilika kila mwaka, mjukuu wangu. Mwaka ule ndio tulioweza kuisoma."

Goodness ameingia chuo cha ualimu mwaka huu, Mama. Hakuna aliyemshauri. Alituambia akiwa amekwisha pokelewa, na Baba akatoka nje, akakaa huko muda mrefu.

Unakumbukwa na mume wako mpendwa, Mzee Valeriani, ambaye bado anasoma gazeti kwa sauti, hata akiwa peke yake. Na wanao Emmanueli, Martha na Lazaro, pamoja na wakwe zako. Na wajukuu Goodness, Wilson na Eva. Na dada yako Nashilu, pamoja na mwanao Moloimet na ukoo wote wa Mzee Meitamei, Ngorongoro. Na majirani wa Qurus na Endabash. Na walimu wenzako. Na wote uliowashika mkono wakaandika jina lao kwa mara ya kwanza.

Misa ya kumbukumbu itafanyika kigangoni Qurus Jumamosi hii saa nne asubuhi, na baada yake wote mnakaribishwa nyumbani kwa uji.

Jina lako tunalijua kuliandika, Mama. Wewe ndiye uliyetufundisha. Tutakukumbuka siku zote za maisha yetu.