Michai Kumi na Minne

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimechaguliwa katibu! Kamati ya Njia ya Urithi. Hakuna aliyepinga, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuja na kalamu. Mwenyekiti ni Bethwel, zamani karani wa mizani kwenye kituo cha kununulia majani ya chai. Hadi leo anaongea kama anatupanga foleni.

Mpango ni huu: wageni watoke Nairobi, watembee kilomita tisa kukizunguka kijiji, warudi palepale walipoanzia. Sisi tumezunguka kijiji hiki tangu tuzaliwe na hakuna aliyetupigia makofi.

Vituo: kanisa la mawe. Dipu ya ng'ombe, iliyokauka. Daraja "lililojengwa na Mzungu" — Mzungu alisimama, babu zetu wakabeba mawe, lakini hayo hayatoshi kwenye kibao. Na kituo cha mwisho: Mti Mkongwe wa Chai, 1912.

Nikauliza, mti gani huo? Bethwel akaelekeza kidole nyumbani kwetu.

Jumanne, 4 Novemba

Sijalala vizuri. 1912!

Chai hiyo aliipanda marehemu Baba mwaka 1974. Mimi nafundisha historia. Mwaka 1912 mtu wa huku hakuwa na ruhusa ya kupanda hata shina moja la chai.

Niandike ukweli basi, angalau hapa. Ni laini moja, michai kumi na minne, mpakani kati ya boma letu na la Baba mdogo Kipsang. Babu alipofariki, 1993, ndugu wawili wakagawana shamba lote kwa amani mpaka wakafika kwenye hiyo laini. Baba akasema ni yake. Baba mdogo akasema ni yake. Wakaapa mbele ya watu: basi isiguswe na mtu.

Haikuguswa. Na chai isipochunwa haikai kiunoni ikikungoja. Inapanda. Leo imepita paa la nyumba, ina maua meupe na mbegu, na matawi yameziba kijia tulichokuwa tunapitia. Kwa Baba mdogo ni hatua thelathini. Tunazunguka kwa barabara, dakika ishirini, tena kukiwa na msiba tu. Kumbe tulikuwa na njia ya mduara kabla ya kamati!

Jumatano, 5 Novemba

Nimemwambia Bethwel ukweli. Akasikiliza kwa makini, kisha akasema, "Mwalimu, hiyo maneno tunajua wote. Lakini mgeni anataka kitu ya zamani. Sasa tumwambie ametoka Nairobi kuona vita ya nyumbani?"

Kumbe wanajua wote. Wanakijiji mia mbili wanajua, na mti bado ni wa 1912.

Kuna jambo jingine. Jumamosi ya tarehe 15, baada ya sherehe ya kufungua njia, laini yote itazungushiwa waya. Ni urithi. Hakuna kukata, hakuna kuvunja tawi. Yaani ugomvi wa nyumbani kwetu sasa utalindwa kwa senyenge.

Akanipa karatasi ya kuthibitisha tarehe, maana kamati inataka sahihi ya mtu aliyesoma. Nilisaini. Wote walikuwa wananiangalia, na chai ilikuwa imeshamiminwa. Naona aibu. Nimewahi kumrudisha mwanafunzi nyumbani kwa uongo mdogo kuliko huo.

Ijumaa, 7 Novemba

Nimemwambia Mama kuhusu waya. Alikuwa anaosha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando. Akakimaliza, akakiinamisha kikauke.

Halafu: "Baba yako alikufa akisikia ndugu yake akikohoa upande ule. Kila usiku. Na hakuwahi kumuuliza anaumwa na nini."

Nikamwambia tuikate chai sisi wenyewe kabla ya Jumamosi ya sherehe. Akanitazama kama nimetukana. Neno lile la kiapo liliwekwa na wawili, mtoto hawezi kuliondoa. Upande wa Baba anaweza kusimama yeye, mjane wake. Upande wa pili lazima asimame Kipsang mwenyewe.

"Basi kamwambie," nikasema.

"Nitapitia wapi?" akasema Mama.

Jumatatu, 10 Novemba

Ogola amekuja kutoka Litein kupaka kibao rangi. Mjaluo, alizaliwa kambini kwenye estate ya chai, amechuna chai miaka kumi na tisa kabla ya kushika brashi. Aliandika "1912" kwa herufi nzuri sana. Akarudi nyuma kuangalia kazi yake, kisha akaangalia mti. Akazunguka shina. Akavunja jani, akanusa.

"Madam, hii si mti. Hii ni chai ilikosa mtu wa kuchuna."

Nikasema ni urithi.

"Sawa. Mimi naandika tu. Lakini hii ingekatwa chini, miezi michache inachipuka. Chai haina kinyongo."

Nilienda ndani nikajifanya natafuta kitambaa. Mtu wa kupaka rangi ndiye wa kuniambia hayo!

Alhamisi, 13 Novemba

Nimezunguka kwa barabara. Dakika ishirini na mbili, matope.

Baba mdogo amezeeka. Sukari imemla mguu, anatembea kwa fimbo. Huyu ndiye aliyenibeba mabegani nikiwa darasa la kwanza, mto ulipojaa. Nilikuwa na hamu ya kumwona na sikujua kiasi gani mpaka aliponiita kwa jina langu, Chepngeno. Huku wote siku hizi ni Mwalimu, Mwalimu.

Nilimweleza yote: kibao, waya, Jumamosi, maneno ya Mama. Akauliza kama nimekula. Nikaeleza tena. Akaniongezea chai. Mara ya tatu akauliza, "Ile panga ya baba yako, mama yako bado anaitumia?"

Nikasema ndiyo, ya kukatia nyasi ya ng'ombe. Akasema ilikuwa panga nzuri. Basi. Hayo ndiyo mazungumzo ya amani.

Nilirudi nimekasirika njia nzima. Mama akauliza alisema nini. Nikamwambia: aliuliza habari za panga.

Mama akaacha kukama, akaenda kuinoa.

Jumamosi, 15 Novemba

Naandika nyuma ya karatasi ya ratiba, nimesimama kando ya hema.

Wageni thelathini na mmoja. Kanisani walipiga picha. Kwenye dipu walipiga picha. Darajani mmoja aliuliza ni nani aliyebeba mawe, na Bethwel akasema tunaharakisha. Sasa wako hapa, viatu vimejaa matope, wanatazama juu. Kibao kimefunikwa kwa leso. Marobota ya waya yako chini, tayari. Bethwel amesema "miaka mia moja na kumi na tatu" na mama mmoja mwenye kofia amegusa shina na kufumba macho.

Nisome kibao, wafunue, wapige makofi. Hiyo ndiyo kazi yangu.

Mama alipotea tangu asubuhi. Sasa namwona. Anatoka nyuma ya zizi, amevaa gumboots na nguo ya kanisani, panga mkononi. Kibuyu cha mursik kiko kwapani. Hamwangalii mtu. Bethwel amenyamaza katikati ya sentensi, jambo ambalo sijawahi kulishuhudia.

Matawi ya upande wa pili yanatikisika. Kwanza fimbo. Halafu Baba mdogo.

Mgeni ananiuliza kama hii ni sehemu ya programu.

Bethwel: "Mwalimu, soma! Soma kibao!" Mara ya pili sasa. Karatasi yenye sahihi yangu iko mfukoni mwake.

Baba mdogo ameangusha fimbo. Amelivuta tawi kubwa chini kwa mikono miwili, amelishikilia, amesimamia mguu mmoja mzima. Anamngoja Mama. Mama ameinua panga, bado hajakata. Wote wawili wananitazama mimi, nisome kibao au niseme ukweli. Naweka kalamu chini.