Pumuzi Tano mbele ya Dirisha

Mama Tshilombo,

Minaenda ku kazi. Mboga ya sombe iko ku moto ya mbabula, unga ya bukari iko chini ya meza. Tshilombo amekunywa dawa ya kikohozi. Ya mangaribi umupe weye. Nguo yangu ya kazi usifue, nitafua mi mwenyewe.

Asubui ulinikuta nimeikala chini, macho ya kufunga, mbele ya dirisha, pale mashini yako ya kushona ilikuwaka kabla ya mi kuipoteza ku karata ya pesa. Ukauliza, "Tata, unachagula kitu gani tena ya kupeleka ku karata?" Ukafunga radio mu kitambaa ya kikwembe, ukaibeba ku kichwa mpaka kwa dada yako. Mama, ile iliniuma sana.

Sikuwa nachagula. Mama mutawa wa dispansere njo alinifundisha: hamu ya karata ikikuya, usiikimbie, usiifuate. Ikala, sikiliza pumuzi yako, iache ipite. Ni kama treni ya mawe ya shaba: inatikisha bikopo yote mu nyumba, kisha inaenda. Sikukuambia juu nilisikia haya. Mutu muzima kujifunza kupumua!

Mangaribi ~~nitapita ku baa kidogo, kusalimia tu benzangu ba karata~~ nitarudi na barabara ya kanisa. Ukinikuta tena nimeikala pale, usiseme kitu. Ikala karibu yangu.

Radio ~~uirudishe ku meza, mi si mwizi~~ iache kwa dada yako. Ku pumuzi ya tano nilifungula macho, na kabla uibebe, kitu ya kwanza niliangalia ilikuwa ile radio.

Tata Tshilombo