Ukurasa Nilioufuta

Dada yangu mpenzi,

Huku mvua haijakatika, na paa la jikoni limeanza kuvuja. Bado napanga kumbukumbu za ukoo kwenye kompyuta: kila mtu na ukurasa wake, na viungo vya kumpeleka msomaji kwa wazazi, ndugu na watoto.

Ulipoolewa bila ridhaa ya Baba, aliniambia, "Mfute huyo." Nikakufuta. Viungo vya kuja kwako vikabaki kwenye kurasa za wengine, ila havikufika popote.

Jumanne Baba alifungua ukurasa wa marehemu Mama, akabofya jina lako. Hapakutokea kitu.

"Mrudishe," akasema.

"Sikuweka nakala, Baba."

Akalibofya tena jina lako. Alhamisi hakuamka. Tumemzika jana.

Niandikie majina ya wanao. Hapa nyumbani hakuna anayeyajua.

Mdogo wako, niliyekufuta