Chumvi Kwenye Koti la Gereji

Baba watoto,

Nimeondoka na dada yangu kwenda kumeza ile dawa ya mionzi ya saratani ya tezi ya shingo. Maharage yako jikoni, yapashe moto. Waambie watoto nitabaki hospitali mpaka mionzi ipungue mwilini, wasije wakadhani nimewakimbia.

Asubuhi nilitaka kufua koti lako la gereji, nikakuta chumvi mfukoni. Kumbe! Daktari alinikataza mimi chumvi kabla ya dawa hii, wewe ukajitia kula chapwa pamoja nami, eti "tunaumwa wote." Nikanuna. Halafu nikacheka peke yangu mpaka kidonda cha upasuaji shingoni kikauma.

~~Usije kunichukua, nitarudi na teksi.~~

Njoo unichukue. Chumvi yako nimeirudisha palepale mfukoni. Siku hiyo nitakuwa nimeruhusiwa kula chumvi tena, uje nayo tule wote.

Mama watoto