Barafu Niliyomwambia Mama Yako

Alby, Stockholm, Jumapili, 13 Juni 2010. Asubuhi: jua tupu, nyuzi kumi na tano, upepo kidogo kutoka ziwani. Madirisha yote wazi.

Papa Neema,

Leo saa nane na nusu mchana nimemwambia mama yako kwamba ulikufa. Nakuandikia wewe kwanza, maana ni wewe uliyenikataza kumtia hofu. Halafu barua hii naiacha wazi, waisome wenzetu wa kanisani na wa hapa mtaani ambao kwa karibu miezi saba wamenisaidia kuficha. Niliwaomba wanyamaze, wakanyamaza. Kuanzia leo wako huru.

Unayajua madaftari yangu. Ulikuwa ukiwaambia wageni, "Mke wangu ni karani wa serikali isiyokuwepo." Lakini kila ulipopiga simu kutoka bandarini niliandika tarehe, jina la bandari, na jambo moja ulilosema. Kwa hiyo haya ninayokukumbusha sikuyatunga.

Kule nyumbani Uvira ulikuwa fundi wa injini kwenye meli za mizigo za ziwani. Hapa Stockholm ulisafisha mabehewa ya treni miaka minne, ukasoma jioni, na siku ulipopata karatasi ya kurudi kwenye injini uliinyanyua juu kama kombe. Sikukuuliza meli inakwenda wapi. Niliona uso wako, ikanitosha.

Uliporudi kutoka safari ya kwanza ya kaskazini hukuvua hata koti. Ulikwenda moja kwa moja jikoni, ukafungua friji sehemu ya juu, ukaiangalia ile barafu, ukaiambia, "Wewe bado mtoto." Neema alicheka mpaka akakaa chini.

Usiku ule mezani ukatueleza. Ulisema baridi ikizidi, mawimbi yakiruka juu ya sitaha, maji hayarudi baharini. Yanashika kwenye vyuma, kwenye kamba, kwenye mlingoti, yanakuwa jiwe. "Kila saa meli inabeba mzigo ambao hakuna aliyeupakia." Ukachukua kikombe, ukaweka sahani juu yake, na nyingine, na nyingine. Ya nne iliangusha zote. Nilikugombeza kwa ajili ya sahani zangu. Ulikuwa unaokota vipande huku unaniambia, "Ndiyo hivyo, mama. Kichwa kinakuwa kizito kuliko miguu, meli inalala upande, basi."

Nilikuuliza, "Si mna mashine ya kuiondoa?"

"Mashine ndiyo hii," ukanionyesha mikono. Mlikuwa mnaipiga kwa nyundo za mbao, kwa zamu, kila mtu amefungwa kamba kiunoni. Uliposema habari za vile vipande vya barafu vinavyoelea chini chini kati ya mawimbi, ambavyo rada haivioni, ulipunguza sauti ili Neema asisikie. Ulisema meli yenu haikujengwa kwa bahari ile, bati lake ni jembamba, na nahodha hajawahi kupita huko majira ya baridi. Ulisema ukiomba msaada kule, helikopta inatoka mbali sana. Halafu ukaongeza, "Mama yangu asijue. Mwambie nabeba mbao hapa karibu."

Nikaahidi. Hapo ndipo uongo ulipoanza, Papa Neema, na tuliuanza wawili.

Simu yako ya mwisho ni ya Jumanne, 17 Novemba. Wenye meli walitaka safari moja zaidi kabla njia haijafungwa. Nimeandika maneno yako hivi: "Mikono si yangu tena, ila chakula ni kizuri." Nilikuambia uvae soksi mbili. Ndilo neno langu la mwisho kwako, na kila nikilisoma naona lilivyo dogo.

Siku ya tatu walikuja watu wawili mlangoni wakiwa wameshika kofia mikononi. Baadaye ilikuja barua ya kurasa tatu. Neema, mwenye miaka kumi na miwili, alinisomea maneno nisiyoyajua, kwa sauti ya mtu anayesoma somo la shule. Barafu juu ya sitaha, dhoruba, meli ikapinduka. Watu wawili tu waliokolewa. Mmoja wao, mpishi, alinipigia simu. Alisema mara ya mwisho alikuona ukipiga nyundo kwenye boti la kuokolea, maana lilikuwa limefunikwa na barafu na vifungo havikufunguka. Alisema ulikuwa unapiga bila kugeuka nyuma.

Tulikaa matanga hapa sebuleni, na picha yako juu ya kiti. Watu walijaa mpaka ngazini. Mama yako alipopiga siku ya nne, nilitazama ile picha, nikasikia sauti yake jinsi ilivyochangamka, nikashindwa. Nikamwambia meli yenu imekamatwa na barafu, mko salama, ila simu hazifiki. Nilijiambia ni kwa wiki moja tu, mpaka apone kifua kilichokuwa kikimsumbua.

Barafu ikawa maneno yetu ya kila mwezi.

"Haijaachia?"

"Bado, mama."

"Hiyo barafu haina wenyewe? Wasipige risasi wakaivunja?"

Nilikuwa naandika kila uongo kwenye ukurasa wa nyuma wa daftari, na tarehe yake, ili kesho nisijipinge. Mimi, ambaye ulisema siwezi hata kudanganya umri wangu. Pasaka, mpwa wako alipooa, nilimtumia mama kitenge, nikasema kimetoka kwako, uliagiza kabla ya kusafiri. Alinishukuru kwa kukutaja jina mara tatu.

Leo tumetoka kanisani, simu ikalia. Mama yako hakuanza na salamu.

"Mama Neema, nieleze vizuri. Jana mtoto aliniambia alioga ziwani na wenzake, jua kali. Kama mtoto anaoga, baba yake anashikwa na barafu gani?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimefungua ule ukurasa wa nyuma, kidole kikiwa kwenye mstari: kule ni mbali zaidi, kule haiyeyuki hata kiangazi. Neema alikuwa amesimama karibu yangu. Aliweka kiganja chake juu ya ukurasa, nikawa sioni pa kusoma.

Nikasema, "Mama, hayupo. Alikufa majini."

"Lini?"

"Novemba."

Nilisikia kuku wa nyumbani kwake, na mtu akitwanga. Kisha mama akasema polepole, "Pasaka nilicheza."

"Mama, nisamehe."

"Nilicheza mbele ya ukoo mzima, na kitenge ulichonivisha wewe. Mwanangu yuko ndani ya maji, mimi nazunguka na mashada ya maua ya harusi. Na ninyi huko mlikuwa mnajua, mnasema, mwacheni kizee acheze."

"Si hivyo, mama."

"Ni hivyo. Umechukua kilio changu ukakilia wewe." Akauliza, "Mlishaondoa matanga?"

"Ndiyo, mama. Januari."

"Basi uliinuka bila mimi. Rudi chini. Toka kwenye kiti, ukae chini, na mtoto akae. Mimi niko chini tayari."

Nikakaa sakafuni na Neema, mgongo ukutani, simu katikati yetu. Alitaka kujua yote. Nilimsomea madaftari kuanzia siku uliyoondoka, hata nyundo, hata boti, hata yale uliyonikataza. Nilipofika kwa mpishi alinisimamisha, akasema nirudie hapo ulipokuwa unapiga bila kugeuka. Nikarudia. Ndipo akaanza kulia, akikuita kwa jina la utoto ambalo sikuwahi kulisikia kwa miaka yote ya ndoa yetu. Sitaliandika hapa, ni lake. Neema alilirudia chini chini kila bibi yake alipolitaja, mpaka akalijua.

Hakuniambia amenisamehe. Alisema kesho saa ileile nipige, na keshokutwa, siku zote za matanga, na nisikae juu ya kiti mpaka yeye aseme tumeinuka.

Nilidhani namlinda, Papa Neema. Wewe pia ulidhani hivyo. Tulimwachia mtu mzima furaha ya bandia, tukamnyima haki yake ya kukulilia siku moja na sisi. Nakuomba radhi kwa kuivunja ahadi niliyokupa, na kwa kuishika muda mrefu hivyo.

Lala huko ulipo, mume wangu. Hapa sasa tunakulilia watatu.

Mkeo,
Mama Neema

Tumetandika godoro sebuleni, sakafuni. Neema amekwisha kulala. Jua bado liko ukutani.

(Naongeza asubuhi: nilitazama saa mara ya mwisho saa tatu na dakika ishirini usiku, kisha nikapitiwa na usingizi.)