Nyama ya Ijumaa

Lizaboni, Songea
Jumatatu, wiki ya nne ya Kwaresima

Mama mkwe wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba magoti yamekupa nafuu huko Mbesa baada ya mvua kupungua. Msalimie shemeji Beda. Sisi tupo. Siandiki kwamba hatujambo, maana nimeishi kwa kuandika habari, na neno nisiloweza kulithibitisha silipendi.

Salamu zako za ukali Beda amenifikishia: umesikia kwamba mwanao Dorine amewalisha wanajumuiya nyama siku ya Ijumaa, tena Kwaresima. Najua si desturi mkwe wa kiume kuzungumza mambo ya jikoni na mama mkwe wake. Uniwie radhi, kwa sababu mpishi nilikuwa mimi.

Tangu atoke hospitali, Dorine hawezi harufu ya nyama. Kuku uliowatuma tunawafuga tu. Alitaka paneer, ile jibini ya Kihindi aliyojifunza kuitengeneza Tunduru alipokuwa akishona nyumbani kwa mfanyabiashara mmoja wa vito. Basi nikitoka kazini nachemsha maziwa, nakamulia limau mpaka yakatike, nachuja kwa kitambaa, nakandamiza kwa jiwe. Ikishikana naikata vipande, nakaanga, natia kwenye mchuzi wa nyanya, tangawizi na binzari. Yeye hukaa mlangoni kwenye mkeka akinielekeza. Husema natia chumvi kama mtu anayekausha samaki wa Mbamba Bay.

Ijumaa hiyo jumuiya ilikuja kumwombea, nasi tukawaandalia chakula. Mama Aurelia alifunua sufuria, akaona vipande vya kahawia, akafanya ishara ya msalaba. Nikaeleza kwamba ni maziwa. Mzee Pankrasi, mwenyekiti wetu, akasema amefuga ng'ombe tangu ujana na hajaona maziwa yanayotafunwa. Labda ng'ombe wa Lizaboni wamesoma. Dorine akawaambia kwamba kama wanaogopa dhambi, wale kwanza, padre anaungamisha Jumamosi. Walicheka, lakini wengi walikula ugali mkavu wakaaga. Pankrasi alionja, akajiongezea. Uvumi uliokufikia umetoka kwa wasioonja.

Walipoondoka nikaona sahani ya Dorine imejaa vilevile. Nikamuuliza kama chumvi imezidi tena. Akasema hajui. Ulimi wake hausikii ladha yoyote siku nyingi sasa. Paneer anaiagiza ili jioni nipate kazi ya kufanya, nisikae kumtazama.

Kisha akasema harudi tena hospitali. Nilikwenda kumwuliza daktari mwenyewe, hakumpinga. Alisema tumpe raha, na ndugu wanaotaka kumwona wasichelewe. Kwenye simu Dorine hukwambia anakula vizuri, nami niko pembeni nimenyamaza. Amenikataza kukwambia. Ndiyo maana naandika, na barua nampa kondakta Salum akuletee mkononi.

Nimechoka, mama. Njoo. Usingoje Pasaka. Ukifika, usiingie na machozi. Mgombeze kwanza habari ya nyama ya Ijumaa, kwa sauti ile yako ya kusikika barabarani. Ataamini kwamba hilo ndilo lililokuleta.

Nawasalimu wote wa nyumbani. Maziwa ya kesho nimeshaagiza.

Mkweo,
Aidan